Somo la Mashine Shambani: Zana ya Nyuma Inapokataa Kupanda Juu

Mkazi wa kaunti, huenda hali hii unaijua. Umemaliza kulima kipande cha viazi huku Kieni, au umekata nyasi za ng'ombe kwenye mteremko wa Tetu. Umevuta leva ya haidroliki hadi mwisho ili utoke shambani. Trekta inafika langoni, magurudumu ya nyuma yanaingia kwenye mtaro, na papo hapo unasikia rotaveta ikikwaruza mawe. Unageuka kuangalia. Leva iko juu kabisa, lakini zana iko sentimita chache tu kutoka ardhini.

Wengi wakifika hapo husema, "Pampu imeisha." Fundi anaitwa, pampu inafunguliwa, pesa zinatoka, na jioni zana inakwaruza pale pale. Ukweli ni kwamba mara nyingi pampu haina kosa. Kinachoamua zana itapanda hadi wapi ni urefu wa fimbo chache na matundu ambamo pini zimetiwa. Vitu hivyo mwenye trekta anaweza kuvirekebisha mwenyewe, kwa spana mbili na kamba ya kupimia.

Lakini kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo: kimo hakipatikani bure. Kila sentimita unayoongeza hulipiwa mahali pengine, ama kwa kina cha kulima, ama kwa nguvu ya kunyanyua, ama kwa usalama wa shafti na wa dereva. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuongeza kimo, na mahali pa kukomea.

KIJUE KIUNGANISHI CHAKO

Nyuma ya karibu kila trekta ya leo zana hushikwa mahali patatu. Pawili ni kwenye mikono ya chini, ule wa kushoto na ule wa kulia. Mahali pa tatu ni kwenye fimbo ya juu katikati, ambayo madereva wetu huiita toplinki. Mikono ya chini haijiinui yenyewe. Inavutwa na fimbo mbili za kunyanyulia zilizosimama wima, nazo fimbo hizo zinavutwa na mikono mifupi ya juu inayozungushwa na haidroliki.

Mpangilio huu una historia. Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland, alipata hataza ya mfumo wake mwaka 1926. Kabla yake, plau nyingi zilikokotwa tu kama mkokoteni, na plau ikinasa kwenye kisiki, trekta iliweza kuinua pua na kumwangukia dereva. Toplinki ilibadilisha hali hiyo, kwa sababu zana ikinasa, fimbo hiyo husukuma trekta mbele na kusaidia pua kubaki chini. Trekta ya Ford 9N ya mwaka 1939 ilitoka na mfumo huo, na kuanzia mwaka 1946 trekta ya Ferguson TE20 ikaundwa Coventry, Uingereza. Jina la mhandisi huyo bado unaliona kwenye trekta za Massey Ferguson zinazopita barabara zetu.

Trekta ndogo za nguvu farasi 20 hadi 40 hivi kwa kawaida hutumia kiunganishi cha daraja la kwanza. Pini zake za chini zina unene wa milimita 22 na ya toplinki milimita 19. Usiingize pini nyembamba kwenye tundu pana ili "isaidie kwa leo." Pini inayocheza hula tundu, nayo zana hulegea na kushuka upande mmoja.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Egesha trekta mahali tambarare, uvute breki ya mkono na uweke jiwe au kabari kwenye magurudumu. Zima mzunguko wa PTO, yaani ile shafti inayozungusha rotaveta au mashine ya kukata nyasi. Teremsha zana hadi iguse ardhi, uzime injini, kisha utoe ufunguo.

Usiingie kati ya trekta na zana wakati mtu mwingine ameshika leva, hata kama ni mwanao na unamwamini. Usiingie chini ya zana iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake. Bomba likipasuka au mtoto akigusa leva, zana ya kilo 250 hushuka bila onyo. Ukilazimika kufanya kazi chini yake, iegemeze kwa vigogo au stendi imara. Na ukishuku kwamba mafuta yanavuja, usipapase bomba kwa kidole, kwa kuwa mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi. Pitisha kipande cha katoni ndipo uone doa.

Sasa pima. Pandisha zana hadi juu, na ukiwa umesimama kando, si katikati, andika vipimo hivi kwenye daftari:

1. Kutoka ardhini hadi pini ya mkono wa chini, zana ikiwa juu kabisa.
2. Kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya zana, zana ikiwa juu kabisa.
3. Kutoka ardhini hadi pini ya mkono wa chini, leva ikiwa chini kabisa.

Kipimo cha tatu husahauliwa na wengi, na baadaye hushangaa kwa nini plau haiingii tena udongoni. Angalia pia upepo wa magurudumu ya nyuma. Gurudumu lililolegea hushusha trekta nzima, na zana hushuka nayo.

JE, NI NGUVU AU NI MPANGILIO?

Jaribio hili la dakika tano linaweza kukuokolea gharama ya pampu. Ondoa zana, pandisha mikono mitupu hadi mwisho, na upime. Kisha funga zana, pandisha tena, upime pini zile zile.

Kama mikono inafika kimo kile kile ikiwa mitupu na ikiwa na mzigo, haidroliki yako ni nzima na tatizo ni mpangilio. Endelea na somo.

Kama mikono mitupu inapanda vizuri lakini ikibeba zana inakwama katikati, tatizo ni nguvu. Angalia kiasi cha mafuta, kisha chujio, kisha uzito wa zana yenyewe. Kitabu cha trekta hutaja uwezo wa kunyanyua kwenye ncha za mikono, na mara nyingi pia sentimita 61 nyuma ya ncha hizo. Namba ya pili ndiyo ya kuamini, kwa sababu uzito wa zana hauko kwenye pini, uko nyuma yake.

Kama zana inapanda vizuri kisha inashuka polepole yenyewe, kuna mahali mafuta yanapita ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

HATUA ZA KUONGEZA KIMO

Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu, kutoka rahisi hadi ile yenye gharama. Baada ya kila hatua, pima tena. Ukipata kimo unachohitaji, acha hapo.

Hatua ya kwanza: angalia leva. Kwenye njia ya leva ya kupandisha kuna kizuizi kidogo kinachofungwa kwa nati ya mkono. Mara nyingi kimewekwa na mtu mwingine kwa zana nyingine, kikaachwa pale. Kisogeze hadi mwisho wa njia. Pia hakikisha unatumia leva sahihi. Trekta nyingine zina leva mbili, moja ya kimo na nyingine ya kina cha kulima, na ya pili ikiwa mahali pasipofaa huweza kuzuia ya kwanza.

Hatua ya pili: fupisha toplinki. Legeza nati ya kufungia, zungusha sehemu ya katikati, na fimbo itafupika. Zana huinama mbele na mkia wake huinuka. Mfano: kama nguzo ya zana, kutoka pini za chini hadi pini ya toplinki, ina sentimita 46, na mkia wa zana uko sentimita 120 nyuma ya pini, basi ukifupisha toplinki kwa sentimita 2 mkia hupanda kama sentimita 5. Kwa zana ndefu, kama mashine ya kukata nyasi, huenda hatua hii peke yake ikatosha kuvuka mtaro wa langoni.

Gharama yake ni kwamba zana iliyoinama haifanyi kazi sawa. Plau huchimba kwa ncha, nayo mashine ya nyasi hukwangua mbele na kuacha nyuma. Kwa hiyo tia alama mbili za rangi kwenye toplinki, moja ya kazi na moja ya safari, ili kuirudisha kusiwe kubahatisha. Usisahau kukaza nati tena. Na unaporefusha, usiruhusu nyuzi zitoke hadi mwisho, kwa sababu fimbo inayoshikwa kwa nyuzi chache inaweza kung'oka zana ikiwa juu.

Hatua ya tatu: fupisha fimbo za kunyanyulia. Kwenye trekta nyingi ndogo fimbo ya kulia ina nyuzi za kuzungusha, na ya kushoto ina urefu mmoja au matundu machache ya kuchagua. Ukizifupisha zote mbili kwa kiasi kilekile, mikono yote hupanda. Ukifupisha moja tu, zana italala upande mmoja, kwa hiyo pima kushoto na kulia ukiwa mahali tambarare.

Gharama yake ni kina. Hatua hii haiongezi safari ya mikono, inaihamisha tu. Ulichopata juu umekitoa chini. Ndiyo maana ulichukua kile kipimo cha tatu. Kwa rotaveta au mashine ya nyasi huenda isikusumbue. Kwa plau au zana ya kuchimbua viazi, inayotakiwa kushuka chini ya usawa wa magurudumu, unaweza kujikuta unakwangua juu juu. Baada ya kufupisha, pandisha polepole mara ya kwanza huku ukitazama, kwani fimbo au zana inaweza kugusa tairi, matope ya juu ya tairi, au kiti.

Hatua ya nne: badilisha tundu la toplinki upande wa trekta. Nyuma ya trekta pana matundu mawili au matatu, moja juu ya jingine. Toplinki ikifungwa kwenye tundu la chini, zana huinama mbele zaidi inapopanda, na mkia huinuka kwa kasi kuliko pini. Ikifungwa kwenye tundu la juu, zana hupanda ikiwa karibu na usawa wake. Anayetaka mkia uvuke mawe atapendelea la chini. Lakini soma kitabu cha trekta kwanza, maana kwenye trekta zinazohisi mzigo wa plau kupitia toplinki, matundu hayo pia huamua wepesi wa hisia hiyo.

Hatua ya tano: sogeza fimbo za kunyanyulia kwenye mikono ya chini. Mikono mingine ina tundu zaidi ya moja pale fimbo inaposhikia. Ukihamisha fimbo mbele, karibu na trekta, ncha ya mkono husafiri zaidi juu na chini. Hapa safari yenyewe inaongezeka, tofauti na hatua ya tatu. Lakini hapa pia ndipo bei ni kubwa zaidi.

Tufanye hesabu. Chukua mkono wenye urefu wa sentimita 80. Fimbo imeshika sentimita 50 kutoka kwenye egemeo, na haidroliki inaivuta juu sentimita 25. Ncha ya mkono itapanda kama sentimita 40. Sasa hamisha fimbo hadi sentimita 40 kutoka kwenye egemeo. Kwa mvuto ule ule wa sentimita 25, ncha itapanda kama sentimita 50. Umepata sentimita 10. Lakini kama mwanzoni ncha iliweza kubeba kilo 600, sasa itabeba kilo 480 tu. Zidisha 40 kwa 600, kisha 50 kwa 480, na majibu yote mawili ni 24,000. Pampu imefanya kazi ile ile, wewe umechagua tu kuitumia kwa kimo badala ya uzito. Hivi ndivyo mwenzo unavyofanya kazi, na hakuna spana inayoweza kuubadilisha.

Kuna marekebisho ya sita ambayo hatukushauri ufanye peke yako. Ndani ya mfumo kuna fimbo nyembamba inayoiambia haidroliki kwamba mikono imefika, ili iache kusukuma. Ikiwekwa vibaya ili kupata sentimita mbili za ziada, mikono hufika mwisho wake huku pampu bado inasukuma. Utasikia mlio mwembamba kama filimbi na injini italemewa kidogo. Huo ni mlio wa vali ya usalama ikimwaga shinikizo, na mafuta yanachemka bure. Ukiusikia leva ikiwa juu, ishushe kidogo hadi unyamaze, kisha umwite fundi anayeijua trekta hiyo.

MAHALI PA KUKOMEA

Kwanza, shafti ya PTO. Zana inapopanda, shafti hupinda kwenye viungo vyake. Pembe ikizidi nyuzi 25 hivi, viungo vya kawaida huanza kugonga na kulika. Kwa hiyo zima PTO kabla ya kupandisha zana hadi juu, hata kama ni kwa kugeuza tu mwisho wa tuta. Ukishaongeza kimo, zima injini na uikague shafti zana ikiwa juu na imeegemezwa. Je, inagusa mwili wa zana au chuma cha kukokotea? Je, mirija yake miwili ina nafasi ya kuingiana zaidi? Ikiwa imefika mwisho, itasukuma beringi za trekta kutoka nje. Na zana ikiwa mahali ambapo shafti ni ndefu kabisa, hakikisha angalau theluthi ya mirija bado imeingiana.

Pili, magurudumu ya mbele. Zana iliyonyanyuliwa nyuma hupunguza uzito wa mbele, na trekta ndogo ni nyepesi. Kanuni inayotumika ni kwamba angalau sehemu moja kwa tano ya uzito wa trekta ibaki kwenye ekseli ya mbele. Dalili ya kupita mpaka utaihisi mikononi, pale usukani unapokuwa mwepesi ghafla na trekta inapochelewa kukata kona. Weka uzito wa mbele uliotengenezwa kwa trekta hiyo, au tafuta zana nyepesi.

Tatu, mwinuko. Hapa ndipo somo hili linatuhusu sisi kuliko wakulima wa nchi tambarare. Kimo kinachofaa kwenye uwanda wa Kieni kinaweza kuwa hatari kwenye mabonde ya Othaya, Mukurweini na Mathira. Zana ikiwa juu, uzito wa trekta nzima hupanda nao, na trekta inayokatiza mteremko hupinduka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kimo kikubwa ni cha kuvuka kizuizi, si cha kutembea nacho. Ukishavuka, shusha zana hadi ipite tu juu ya ardhi. Ukiwa na zana nzito nyuma na mbele yako kuna mlima mkali, panda kwa kurudi nyuma, ili upande mzito utangulie juu. Funga mkanda ikiwa trekta ina chuma cha kumkinga dereva. Usibebe abiria, wala usimwache mtoto akae juu ya zana ili "aongeze uzito."

Na kabla ya kufupisha chochote, nenda ukaangalie lile lango. Ikiwa zana inakwaruza mahali pamoja tu, kila siku, kwenye mtaro ule ule, huenda dawa si spana. Toroli tatu za murram na jembe zinaweza kukupa sentimita kumi ambazo hazikukugharimu kina, nguvu wala shafti.

JIPIME

Jibu maswali haya mwenyewe kabla ya kugusa trekta, au yasome na dereva wako:

1. Zana inapanda hadi kimo kile kile ikiwa na mzigo na bila mzigo. Je, utafungua pampu?
2. Umefupisha fimbo zote mbili za kunyanyulia kwa sentimita 3, na sasa plau haiingii. Umepoteza nini?
3. Zana ni rotaveta ambayo trekta yako huibeba kwa shida. Ni hatua gani kati ya hizi tano usiyopaswa kuifanya?
4. Leva iko juu, unasikia mlio wa filimbi. Utafanya nini kwanza?

Majibu: la kwanza, hapana, tatizo ni mpangilio. La pili, umepoteza kina, kwa kuwa safari imehama juu. La tatu, hatua ya tano, kwa sababu inapunguza nguvu. La nne, shusha leva kidogo hadi mlio ukome.

Mkulima, andika vipimo vyako vya mwanzo na uvihifadhi pamoja na kitabu cha trekta. Atakayekodi au kununua mashine hiyo kesho atakushukuru. Kama baada ya hatua hizi bado huna uhakika, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi yako, au uulize katika kituo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu hapa Nyeri, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuifungua pampu.